Bonde Lililokataa Kushiba

Kunguru wa serikali alizunguka juu ya bonde mara tatu, na mara ya tatu akashuka. Hapo Sigilinda Mbwilo akajua kwamba ameona.

Hakuwa kunguru wa nyama na manyoya. Alikuwa mashine nyeusi ya Idara ya Rutuba, mwenye mabawa manne na jicho moja tumboni. Watu wa milimani walimpa jina hilo kwa tabia zake: huja bila kuitwa, huchungulia kila uwanja, wala hakosi kupata kitu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipita juu ya Bonde la Ulagasi na kwenda zake, maana hapakuwa na cha kuona. Bonde lilikuwa na rangi moja, rangi ya chai iliyopoa. Katikati ya nyasi zake fupi zilizosimama majini vilichomoza vichwa vya zambarau vya mbigili, kimoja juu ya kila shina, basi.

Asubuhi hiyo palikuwa na cha kuona. Katikati ya bonde, juu ya kinundu cha ardhi kavu walipozikwa watu wa ukoo wa Mbwilo, palikuwa na doa la kijani. Kilikuwa kijani cha kung'aa, kama cha jani la mgomba baada ya mvua, na kilikwisha kuanza kuteremka kuelekea kwenye maji.

Sigilinda alivua viatu, akapandisha kanga, akavuka tope. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na miguu bado ilimtii. Alipofika kwenye doa alipiga magoti. Nyasi za pale zilimfika kifuani. Alizitenga kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na ndani yake akaikuta mbigili. Ilikuwa imerefuka kupita kiasi, nyembamba, imepinda ikitafuta mwanga. Majani yake, ambayo kwa kawaida ni meupe upande wa chini kama yamepakwa unga, yalikuwa manjano. Kichwa chake kilikuwa bado kimefumba, na hakikuwa na dalili ya kufumbuka.

Mbigili ya bondeni haifi kwa njaa. Imezaliwa na njaa, imezeeka nayo. Hufa kwa kivuli cha walioshiba.

Mbele yake, chini ya majani yale yote, lilikuwa kaburi la mume wake, Filimoni. Lilikuwa na miezi mitano.

* * *

Waliozaliwa baada ya Chachu hushangaa wakiambiwa kwamba zamani udongo ulikuwa na njaa. Kwao udongo ni kama hewa. Nani aliwahi kusikia hewa imechoka?

Chachu ni kitu hai, kidogo kuliko vumbi la vumbi. Waliitengeneza wataalamu wakati wa ile miaka mitatu ambayo mahindi yalitoka ardhini yakiwa yamekufa. Huchukua hewani kile kilichokuwa kikiletwa na samadi, na huchukua kwenye mawe kile kilichokuwa kikiletwa na majivu. Haichoki. Ukiimwaga shambani mara moja, shamba hilo halilali njaa tena mpaka mwisho wa dunia. Ndiyo maana ikatungwa Sheria ya Shibe, na ndani yake kifungu kimoja ambacho hata watoto wa shule wanakijua kwa moyo: anayeua Chachu ardhini ameua chakula.

Sigilinda hakuichukia. Katika ile miaka mitatu alimzika bintiye Enesa, mwenye miaka minne, na kitambaa alichomfunika kilikuwa kizito kuliko mtoto mwenyewe. Shamba lake la viazi, nyuma ya ukingo wa mlima, lilikuwa na Chachu, naye alikula viazi vyake bila kuona haya. Lakini Chachu ina tabia moja: haijui mpaka. Ikipata udongo wenye njaa huongezeka maradufu kila siku tisa. Njia ya kuitoa ni moja tu. Ukate ardhi yenyewe, nyasi na udongo wake, kina cha mkono mpaka kiwiko, uibebe yote nje na kuianika juu ya mwamba mpaka ikauke kabisa. Hufanyika kiangazi tu. Mvua ikishanyesha, umechelewa.

Na bonde? Bonde lilihitaji kinyume cha kila kitu. Shamba hutaka kupewa. Bonde hutaka kunyang'anywa. Kila mwaka mwezi wa sita wanawake wa Ulagasi walishuka na mundu, wakakata nyasi zote, wakazibeba kichwani hadi ng'ambo ya ukingo siku hiyohiyo. Hawakuacha hata konzi ioze pale. Ng'ombe halali bondeni. Majivu hayamwagwi bondeni. Kwa kunyang'anywa hivyo, vizazi na vizazi, bonde lilibaki maskini, na katika umaskini wake mbigili iliishi. Chachu ilipoletwa, wanawake hao walisimama ukingoni na kusema kila shamba lishibishwe, ila si hapa. Wakati huo sheria ilikuwa mpya na bado ilikuwa na adabu. Ikawaacha.

Basi Chachu iliingiaje?

Iliingia kwa heshima. Kwa desturi ya watu wa Ulagasi, mwombolezaji haji msibani mikono mitupu. Huja na konzi ya udongo wa shamba lake mwenyewe, akaumimina juu ya kaburi, ili marehemu asiwe mgeni kwa jirani hata mmoja. Zamani udongo ulikuwa udongo tu. Mwezi wa tano, Filimoni alipozikwa, walikuja watu mia tatu. Sigilinda alisimama kichwani pa kaburi, kitambaa cheusi kichwani, akatazama konzi mia tatu za udongo ulioshiba zikimwagwa katikati ya bonde alilolilinda maisha yake yote. Alijua. Lakini kumwambia mwombolezaji arudi na udongo wake ni kumwambia kwamba kifo kimetoka kwake. Hakuweza kulitamka neno hilo. Siku ile alikuwa mjane, hakuwa mlinzi.

* * *

Osmundi alifika alasiri, kwa miguu, maana gari halishuki. Alikuwa Afisa Rutuba wa wilaya na mtoto wa kaka yake Sigilinda. Tangu akiwa na miaka saba, wazazi wake walipokufa katika ile njaa, alikulia katika nyumba ya Sigilinda na Filimoni. Alivua viatu ukingoni bila kuambiwa. Mkononi alikuwa na kipimashibe, fimbo ya chuma yenye taa kichwani: nyekundu ardhi ikiwa na njaa, kijani ikiwa imeshiba.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene. Umekonda."

"Sijakonda. Nimevaa nguo kubwa."

"Basi mkeo anamnunulia nguo mtu anayemtarajia."

Osmundi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimekuja kukupa hongera."

"Nimezaa?"

"Bonde limeanza kushiba. Lenyewe, bila mtu kulilazimisha." Alichomeka fimbo ardhini penye nguzo ya kwanza ya kupimia. Nyekundu. Alizunguka nguzo zote kumi, shangazi yake akimfuata nyuma na tope likifyonza nyayo zao. Tatu zilizo karibu na kinundu ziliwaka kijani. "Zikifika kumi, bonde linaandikwa shamba. Wale wa Lugenge watapata pa kulima. Kaya arobaini, shangazi. Mlima uliwaangukia, mwaka wa pili huu wanalala chini ya maturubai."

"Nawajua. Nimewapelekea viazi."

"Viazi vyako vitakwisha. Ardhi haitakwisha." Alikuwa anaongea kwa upole, na upole wake ulimuumiza Sigilinda kuliko ukali. "Mvua ziko njiani. Baada ya wiki mbili nitarudi. Huna haja ya kufanya lolote. Ukae tu."

"Kukaa tu nilikaa mwezi wa tano. Ona kilichoota."

Osmundi aliinama akachuma mbigili moja, akaizungusha kati ya vidole. Miiba yake ni laini, haichomi mtu. "Nieleze kama mtu asiyejua. Hii inafaa nini? Hailiwi. Si dawa, tumeshaipima. Hata mbuzi huiruka."

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimeikatia nyasi miaka arobaini na sijui. Ulipokuja kwangu una miaka saba, unakojoa kitandani na kuiba sukari, hakuna aliyeniuliza unafaa nini."

"Mimi ni mtu, shangazi. Wa Lugenge ni watu. Wewe unapima watu na ua."

Lilikuwa neno la kweli, na Sigilinda hakuwa mtu wa kulipita neno la kweli kama hakuliona. "Ndiyo," akasema, "napima. Na nimepima muda mrefu kuliko wewe. Mlipokuja na Chachu, kwenye mashamba yote mlipata 'ndiyo' yangu. Malisho, ndiyo. Kando za mito, ndiyo. Mbigili ilikuwepo huko kote, na huko kote imekwisha. Hapa nilisema hapana. Hapana moja, Osmundi, katika nchi nzima. Na hiyo nayo mnaitaka?"

"Sheria inaitaka."

"Basi sheria ije yenyewe."

* * *

Kesho yake aliwaita wakata nyasi, wanawake kumi na mmoja, akawaambia kazi ilivyo. Watakata ardhi ya kijani yote, watabeba, wataanika. Walikubali. Kisha akawaambia kwamba mzizi wa kijani uko kaburini. Chachu imeshuka mpaka kwa Filimoni na imemkuta ni chakula. Isipotolewa huko, kazi yote ni bure. Hapo wakatazama pembeni.

"Tutakata kuzunguka, dada," mmoja akasema. "Kaburi hatuligusi."

Mzee Laisoni Mbwilo, kaka mkubwa wa marehemu, hakutazama pembeni. Alikuwa na miaka themanini, sauti yake ikiwa kubwa kuliko kifua chake.

"Ndugu yangu hafukuliwi kama kiazi."

"Nitamfukua mwenyewe, shemeji."

"Utalaaniwa."

"Na nani? Yeye? Filimoni aliwahi kumlaani mtu gani? Hata mwizi wa kuku wake alimpa na mchele."

"Mimi nitakulaani."

"Wewe umenilaani tangu harusi. Nimezoea."

Alianza siku hiyohiyo. Wanawake walikata ardhi vipande vipande kama mikate, wakabeba kichwani, wakapanda mpaka kwenye mwamba mpana juu ya ukingo. Yeye alichimba. Laisoni aliketi juu ya jiwe hatua kumi kutoka kaburini, akampa mgongo. Hakuondoka, wala hakugeuka. Kila jembe lilipogonga alitoa maneno. Alisema juu ya wanawake wasio na adabu, juu ya mahari iliyopotea bure, juu ya mama yake Sigilinda ambaye naye, kwa maelezo yake, hakuwa mtu wa kusikia. Sigilinda hakumjibu. Pumzi yake aliihitaji kwa kazi.

Siku ya pili, saa nne hivi, maneno yalikatika.

"Unachimbia upande gani?" Laisoni akauliza bila kugeuka.

"Mashariki."

"Kichwa chake kiko mashariki."

"Najua."

"Unajua, na unamwendea kichwani kwa jembe?" Aligeuka. Alitazama shimo, akamtazama mjane aliyekuwa ndani yake, tope mpaka kwenye nyusi. Alisimama kwa shida, goti likalia. "Toka. Toka humo. Mtu huanziwa miguuni. Mlifundishwa na nani?"

"Shemeji, una miaka themanini."

"Na nimewachimbia kaburi watu sitini. Wako wa kwanza ni huyu, na unachimba kama panya." Akashuka shimoni, akachukua jembe. Alichimba polepole, bila kupoteza pigo. Baada ya muda akasema, sauti ikiwa chini, "Udongo huu ni moto. Udongo wa Ulagasi haukuwa moto hata siku moja."

"Ni Chachu. Inafanya kazi."

Laisoni aliuweka mkono wake juu ya ule udongo, akauacha hapo. Kisha akaendelea kuchimba, na hakutaja tena laana.

* * *

Osmundi hakungoja wiki mbili. Kunguru alikuwa amemwonyesha vya kutosha. Siku ya tisa alishuka, na nyuma yake ukingoni Sigilinda aliona safu ya watu wamesimama dhidi ya anga, mtu mmoja kwa kila kaya ya Lugenge. Walikuwa wamemfuata kuona mashamba waliyoahidiwa.

Walikuta jeneza la msonobari limewekwa juu ya miti miwili, limefunikwa shuka safi. Kinundu kilikuwa kimekatwa mpaka kwenye udongo mweusi wenye maji. Hapakuwa na kijani.

Osmundi alilitazama jeneza muda mrefu. "Umemtoa," akasema.

"Tumemtoa," akasema Mzee Laisoni, ameketi juu ya tope, jembe mapajani. "Usinisahau mimi."

"Mnajua mmefanya nini? Mmeua Chachu ya nusu eka. Watu wamefungwa kwa chini ya hapo."

Sigilinda alijifuta mikono kwenye kanga. "Siku ya mazishi ulileta udongo wa wapi?"

Osmundi aliitazama mikono yake.

"Wengine walibeba kwa mkono. Wewe ulikuwa na mfuko wa idara, wenye muhuri. Nilikuona ukiufungua."

"Ulikuwa wa kitalu," Osmundi akasema. "Chachu kali kuliko zote tulizonazo." Aliligeukia jeneza. "Sikufikiria bonde, shangazi. Naapa. Mwaka ule wa njaa alikuwa ananipa sahani yake na kuniambia amekula shambani. Hakukuwa na kitu shambani. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa. Sikutaka alale kwenye udongo wenye njaa. Yeye wa watu wote."

Maji yalikuwa yakirudi taratibu kwenye shimo. Sigilinda alimsogelea, akamshika shingo kwa nyuma, kama alivyokuwa akimshika mtoto yule wa miaka saba akimpeleka kunawa.

"Alitaka kulala hapa," akasema. "Aliomba. Na mimi nilikuona na mfuko wako nikanyamaza. Kosa ni letu wawili, mwanangu. Sikulaumu. Lakini jeneza hili silirudishi shimoni; atalala ng'ambo ya ukingo."

Osmundi alijitoa mkononi mwake, akaenda kwenye nguzo. Alichomeka fimbo kwenye zile tatu. Nyekundu. Nyekundu. Ya tatu ilisitasita, ikawaka rangi isiyo na jina, kisha nyekundu. Alitoa ubao wake wa kuandikia, kile kioo chembamba ambacho maneno yake hufika makao makuu kabla mwandishi hajainua kidole.

"Nikiandika kilichofanyika hapa, watakuondoa Ulagasi. Wewe binafsi. Hutakanyaga hapa tena."

"Andika."

"Nani atakata nyasi?"

"Hao kumi na mmoja. Na mimi nitarudi usiku kama mwizi, mkinifungia mchana."

"Shangazi, naweza kuandika kwamba ardhi ilikataa yenyewe. Kwamba Chachu ilikufa kwa baridi. Hutokea."

"Usiandike uongo kwa ajili yangu. Ukisema ardhi ilikataa, mwakani mtaleta Chachu isiyojali baridi. Andika kwamba mtu alikataa. Andika jina lake. Mtu hamna dawa yake."

Mzee Laisoni alikohoa. "Andika majina mawili. La kwangu ni Laisoni, kwa herufi kubwa."

Kidole cha Osmundi kilikaa juu ya kioo. Kisha kikaandika. Sigilinda alikitazama mpaka kilipoinuka, akaridhika. Nyumba yake, mlango wake, njia ya kushukia bondeni aliyoikanyaga miaka arobaini: vyote vilikuwa vimeondoka kwa kidole kile.

"Na wale?" Osmundi aligeuza uso kuelekea ukingoni. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wanasubiri. Niliwaahidi. Niwaambie nini?"

"Wewe usiwaambie kitu. Hukuwanyima wewe."

Alipanda. Njia ilikuwa na mwinuko mkali na hakupumzika, kwa kuwa hakutaka wamwone akipumzika. Watu wa Lugenge walimpisha nafasi. Walikuwa wamebeba majembe. Baadhi walikuwa wamevaa nguo zao nzuri, kama watu waliokuja kupokea kitu. Mbele alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, mtoto amelala mgongoni, mikono yake imekakamaa kwa kazi za vibarua kwenye mashamba ya watu.

"Shikamoo, bibi. Ndiyo hapa?"

"Marahaba. Ndiyo hapa, lakini hapatalimwa." Sigilinda aliinua sauti ili wa mwisho naye asikie. "Mimi naitwa Sigilinda Mbwilo. Bonde lilianza kushiba, nikaliponya shibe kwa mikono hii. Nimeikatalia serikali na nimewakatalia ninyi. Si mvua, si sheria, si afisa yule. Ni mimi. Nina shamba la viazi pale nyuma, na nyumba. Naondolewa, kwa hiyo vyote ni vyenu kuanzia leo. Vinatosha kaya sita. Chagueni wenyewe ni zipi."

"Tuko arobaini," mwanamke akasema.

"Najua."

"Na hao thelathini na nne?"

"Nimewanyima."

Mwanamke alitazama chini bondeni. Jua lilikuwa juu na vichwa vya zambarau vilionekana mpaka mwisho wa maji, maelfu, kila kimoja peke yake juu ya shina lake. Alivitazama kwa uso usioonyesha kitu. Kisha alimtazama Sigilinda.

"Mimi nilizika wawili kwenye maporomoko," akasema. "Ungeweza kumtuma mtu atuambie. Kwa nini umekuja mwenyewe?"

"Ili mnijue."

"Una moyo mgumu, bibi."

"Ninao," akasema Sigilinda.

Hakuinamisha kichwa, wala hakuondoka. Walipita mbele yake mmoja mmoja wakirudi Lugenge, majembe mabegani, na kila mmoja alimtazama usoni. Wengine walitema mate. Mmoja, mzee, alimshika mkono. Naye alisimama pale, tope likimkaukia kwenye miguu, akamtazama kila mmoja machoni mpaka wa arobaini.